Ratili Tisini na Nane Chini ya Kiti

Mizani ya Elroy Kvamme ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Kila Jumamosi ya mashindano, kabla trekta lolote halijagusa njia ya udongo, lilipandishwa juu ya bamba la chuma pamoja na dereva wake, na Elroy akaisoma namba kwa sauti ya kuamsha waliolala. Ukizidi ratili elfu nne na mia tano, huvuti katika daraja hilo. Ukipungua unaruhusiwa, lakini umejipunja mwenyewe, maana trekta jepesi magurudumu yake huteleza, na huku kwetu anayeteleza huwahi kurudi nyumbani. Kwa hiyo kila mtu hutundika vyuma vya kuongeza uzito mpaka afike ukingoni kabisa, na kila asomewaye namba asiyoipenda husema mizani ni mbovu.

Marlys Tveit naye alisema hivyo. Alisema hivyo majira yote ya joto, na hata leo akikumbuka hufunika uso.

Wazo la kuvuta lilikuwa lake, wala si la mumewe. Orlin alikuwa amekamua ng'ombe tangu akiwa na miaka saba, na walipouza ng'ombe wa mwisho hakusema kitu. Alikaa tu jikoni, dirishani, akilitazama zizi tupu. Miaka miwili alikaa hapo. Alikula, akanenepa, akajibu akiulizwa. Marlys alikuwa na mume ndani ya nyumba na huku anamkosa, na aliona kwamba asipofanya jambo atampoteza akiwa hapo hapo kitini. Mwisho wa majira ya baridi, theluji ikiwa bado kwenye mitaro, alikwenda bandani akalivua turubai trekta la marehemu baba mkwe wake, la aina ya Oliver la mwaka 1950, kisha akarudi kumwita.

"Hili litavuta," alisema.

"Litavuta nini, kuku?"

"Mkokoteni. Kule Vangsby, mwezi wa tano. Elroy anasema wanaoanza wanakaribishwa."

"Mama, nina miaka sitini na nane mimi."

"Na lenyewe je? Umelisikia likilalamika?"

Orlin alilitazama trekta, akamtazama mkewe, akaenda kutafuta spana. Walisafisha kabureta, wakabadilisha plagi, wakafukuza panya waliojenga chini ya kiti. Siku lilipowaka, likikohoa moshi mweusi mpaka wote wawili wakatoka nje mbio, Marlys aliyaona meno ya mumewe kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuucheza. Nyuma ya trekta hufungwa mkokoteni wenye sanduku zito la chuma. Trekta likienda, sanduku nalo hupanda taratibu kuelekea mbele, hivyo kila futi mzigo unazidi kuwa mzito, mpaka trekta lishindwe. Anayekwenda mbali kuliko wengine ndiye mshindi. Hakuna mbio hapo. Matrekta yenyewe ni ya kizee na wengi wa madereva pia ni wazee, na zawadi ni kikombe cha bati ambacho wake zao hukitilia misumari.

Jumamosi ya kwanza, Elroy aliwapokea kwa vijembe, kama anavyompokea kila mgeni. Alipima trekta na Orlin juu yake. "Elfu nne mia nne tisini na sita! Shuka kidogo, Orlin, nataka kujua kinachovuta hapa ni trekta au tumbo." Orlin akashuka. "Elfu nne mia mbili sitini na nne! Kwa hiyo Orlin peke yake ni mia mbili thelathini na mbili. Jamani, wengine tunanunua vyuma, mwenzetu amekuja na chake!"

"Hiki ni cha mama," Orlin akajibu, akijipiga tumbo. "Kimetengenezwa kwa siagi."

Watu wakacheka, na Marlys akacheka kuliko wote. Kisha Orlin akafanya kosa la kila anayeanza: aliachia klachi kwa pupa, mnyororo wa mkokoteni ukakazika ghafla kwa kishindo, magurudumu yakachimba mashimo mawili, likawa limekwisha. Futi thelathini na moja. Sheria ya chama ni kwamba anayevuta kwa mara ya kwanza maishani hupewa nafasi ya pili, basi akarudi, akakaza mnyororo polepole kama alivyoelekezwa, akafika futi mia moja na kumi na mbili. Alikuwa wa mwisho kati ya tisa. Njia nzima ya kurudi aliongea. Aliongea habari za gia, za upepo wa matairi, za kimo cha ndoano. Marlys alipofika nyumbani alifungua maji ya sinki yamwagike kwa nguvu ili aweze kulia kwa furaha bila kusikika.

Kazi waliigawana. Orlin aliendesha, Marlys akawa mtu wa vyuma. Alikijua kila chuma kwa uzito na kwa kovu lake, akavitundika mwenyewe mbele ya trekta, chini chini, pale ambapo huizuia pua isinyanyuke.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Elroy alisoma: "Elfu nne mia nne themanini na tano."

"Haiwezekani," Marlys alisema. "Vyuma ni vilevile, tangi limejaa vilevile."

"Mizani haijui vilevile, shemeji. Inajua ilichobebeshwa."

Ratili kumi na moja zilikuwa zimepotea. Marlys akaongeza chuma cha ratili kumi. Wiki mbili baadaye zilikuwa zimepotea tena kumi na moja, akaongeza kingine. Mwanzoni mwa mwezi wa saba hivyo hivyo, na katikati yake tena. Elroy akakuna kichwa, akayapiga teke matairi makubwa ya nyuma, yale ambayo watu wetu huyajaza maji ya chumvi ili trekta lipate uzito.

"Matairi yenu yanavuja," alisema.

Hapo kila mtu aliyesikia akaafiki, na hakuna aliyefikiri zaidi. Sisi ndivyo tulivyo. Ng'ombe angepungua ratili ishirini, Marlys angempigia simu daktari wa mifugo kabla kahawa haijachemka. Lakini wanawake wa kanisani walipomwona Orlin ndani ya ovaroli lake pana, mashavu yamebonyea, walisema, "Umepungua, umependeza," na Marlys akajibu kwa maringo kwamba ndiyo faida ya kumtoa mwanamume dirishani. Orlin alipoacha nusu sahani ya pai ya rubabu, kitamutamu cha baada ya chakula, Marlys akasema ni wasiwasi wa mashindano. Alipolala saa mbili usiku, akasema ni hewa safi. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, Marlys, na majibu yote yalikuwa ya furaha.

Akalitafuta tundu. Alitandaza maboksi chini ya matairi apate kuona unyevu asubuhi, hakuona. Alilala chali chini ya trekta, akalamba vali za matairi kwa ncha ya ulimi aone kama kuna chumvi, hakuna. Mwishowe aliamua watoe magurudumu na kubadilisha mipira ya ndani, hata kama hawajaona tundu. Kazi hiyo iliwachukua siku nne. Waliyanyonya maji yote kwenye mapipa, wakatoa gurudumu, wakavua tairi, wakatia mpira mpya, kisha wakayarudisha maji yaleyale mpaka tone la mwisho. Gurudumu la pili Orlin alilisukuma halikwenda. Akalisukuma tena. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, jasho likimtiririka, akiitazama mikono yake.

"Umekuwa mzee," Marlys akamtania kutoka chini ya trekta.

"Nimekuwa mzee," Orlin akasema.

Hapo ndipo Marlys alipopaswa kushtuka. Katika miaka arobaini na minne ya ndoa Orlin hakuwahi kukubaliana naye upesi namna ile. Lakini Marlys alikuwa na spana mkononi na wimbo mdomoni, akaendelea na kazi.

Na uchungu wa mambo ni kwamba walikuwa wanashinda. Uzito wa dereva hukaa juu na nyuma, mahali pabaya kwa trekta. Kila ratili iliyomtoka Orlin, Marlys aliirudisha kama chuma, mbele na chini, mahali pake pazuri. Trekta likazidi kutulia. Mwezi wa sita Orlin akawa wa tano, mwezi wa saba akawa wa tatu. Wakongwe wakaanza kuja kuchungulia Marlys ametundikaje vyuma vyake, naye akawafukuza kwa kofia, akicheka.

Halafu yakaja maonyesho ya wilaya, mwezi wa nane. Vyuma vidogo vilikuwa vimefika vinne, ratili arobaini, na mipira ilikuwa mipya. Marlys alisimama kando ya mizani amekunja mikono, akingoja kumwonyesha Elroy kazi yake.

"Elfu nne mia nne themanini," Elroy alisoma.

"Mizani yako imekufa, Elroy! Nimebadilisha mipira yote miwili! Nimelamba vali mimi!"

"Shemeji."

"Usiniite shemeji. Itengeneze."

Elroy alimwomba Orlin ashuke, akamwambia kwa upole akanywe limau baridi pale kwenye banda la kanisa. Kisha akalipima trekta peke yake, na safari hii hakupaza sauti. "Elfu nne mia tatu na nne."

Marlys akahesabu. Elfu nne mia mbili sitini na nne, namba ya siku ile ya kwanza waliyoicheka wote. Ongeza ratili arobaini za vyuma vidogo. Akahesabu tena, kwa vidole, kama mtoto.

"Trekta halijavuja hata tone," Elroy alisema. "Halijavuja tangu mwezi wa tano."

Marlys aligeuka. Orlin alikuwa amesimama kivulini na kikombe cha karatasi, na kwa mara ya kwanza majira yale alimtazama mumewe na si trekta. Ovaroli lilikuwa limemning'inia. Shingo ilikuwa imechomoza kwenye kola kama ya kuku aliyenyonyolewa. Ratili hamsini na sita zilikuwa zimemtoka. Alikuwa amempima kila baada ya wiki mbili, mbele ya watu, kwa mizani ya kweli, akasomewa kwa sauti kubwa, na alichofanya yeye ni kuongeza chuma.

Akaenda pale kivulini.

"Trekta halivuji," alimwambia.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu gurudumu lile la pili. Lilinishinda kulisukuma, nikajua anayevuja ni nani."

"Na ukaniacha nilambe vali kama ndama?"

Orlin alitabasamu kidogo. "Ulikuwa unaimba, mama. Uko chini ya trekta, umepakaa grisi mpaka masikioni, unaimba. Tangu ng'ombe waondoke sikukusikia ukiimba. Nikasema acha maonyesho yapite kwanza."

"Mimi niliimba kwa sababu yako!" Marlys akasema, na sauti ikapanda hata wanawake wa kanisa wakageuka. "Yote haya ni kwa sababu yako, mwanamume mjinga wewe!"

"Najua," Orlin alisema tena. "Niache nivute leo. Kesho nipeleke unakotaka."

Akamwacha. Angefanya nini? Orlin akapanda, akakaza mnyororo polepole, na lile trekta likaondoka limetulia kama linalima bustani. Futi mia mbili sabini na moja. Wa kwanza. Watu walisimama wakapiga makofi na kumpigia miluzi, na Elroy akavua kofia. Marlys alisimama kando ya njia, mikono yake haikuweza kukutana.

Kesho yake alimpeleka hospitali. Ilikuwa saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwisha kutambaa kila mahali. Orlin alifika mwezi wa kumi, mahindi yakivunwa, hakuuona mwezi wa kumi na moja. Marlys alimuuliza daktari swali moja tu: je, kama tungekuja mwezi wa sita? Daktari akasema labda, ni vigumu kusema. Alisema hivyo kwa huruma, lakini hilo "labda" lilirudi na Marlys nyumbani, likakaa jikoni dirishani kwenye kiti cha Orlin, wakatazamana majira yote ya baridi. Binti yao alipiga simu kila Jumapili kutoka mjini. "Mama, usingeweza kujua," alisema. Marlys alijibu, "Hapana, nisingeweza," kwa sababu mtoto hapaswi kubebeshwa kitu kizito namna ile kwa njia ya simu.

Angeweza. Alisomewa.

Mwezi wa tano aliliwasha trekta, akalipandisha kwenye gari la kubebea, akaenda Vangsby peke yake. Hakuwa amewahi kuvuta. Alipofika, wanaume walianza kusaidia wote kwa pamoja, kila mmoja akishika kitu ambacho hakikuhitaji kushikwa. Aliwaambia asante, akapanda mwenyewe juu ya bamba la mizani.

Elroy akalizunguka trekta. Mbele hapakuwa na chuma kidogo hata kimoja. Akazunguka nyuma, akainama, akaviona: vyote vimefungwa kwa mnyororo chini ya kiti, vile vinne vya mwaka jana na vingine zaidi.

"Nani amekufungia hivi?"

"Mimi."

"Shemeji, hivi ndivyo wanavyofunga wasiojua. Wewe unajua, wewe ndiye uliyetufundisha sisi. Ukivuta hivi pua inanyanyuka kabla hujafika popote. Ngoja nikuhamishie mbele, ni dakika kumi tu."

"Viache hapo, Elroy. Soma."

Elroy akaenda kwenye namba za mizani yake, akavuta pumzi, akaanza kwa ile sauti yake. "Elfu nne, mia nne, tisini na..." Akanyamaza. Watu wakageuka kuona mizani ina nini. Alivua kofia akaifuta ndani, akaivaa tena. "Na sita," akasema, polepole. Kisha, kwa sababu ndivyo anavyowaambia wote, akaongeza, "Una nafasi ya ratili nne bado."

"Siku ile Orlin hakuzijaza," Marlys akasema.

Ratili tisini na nane. Ndizo mumewe alizomzidi kwa uzito siku ile ya kicheko, alipokuwa mzima na tumbo la siagi. Alikuwa amezipima bandani chuma kwa chuma, akazifunga pale Orlin alipokuwa akikaa.

Alikaza mnyororo polepole. Magurudumu yakashika, mkokoteni ukasogea, na kwa futi ishirini alihisi uzito ule nyuma yake, chini ya mgongo, umetulia. Kisha pua ikaanza kunyanyuka. Magurudumu ya mbele yakaelea, mwenye bendera nyekundu akaipunga, Marlys akakata moto. Futi arobaini na saba, kipaza sauti kikatangaza, na watu wakapiga makofi ya kanisani, yale ya kuhurumia.

Elroy alikuja mbio kando ya njia, spana mkononi.

"Shemeji, ni mara yako ya kwanza, unayo nafasi ya pili. Twende tuvihamishe mbele, urudie. Nakwambia utapita futi mia mbili."

Marlys alikuwa bado ameshika usukani. Alipeleka mkono mmoja nyuma, chini ya kiti, akaugusa mnyororo, akauacha mkono hapo.

"Mimi nafasi nilipewa, Elroy," alisema. "Mwezi wa sita mara mbili, mwezi wa saba mara mbili. Uliniita shemeji, ukanisomea, mimi nikakuambia mizani yako mbovu."

Machozi yalikuwa yakimshuka mchana kweupe, mbele ya watu wa wilaya nzima, jambo ambalo huku kwetu halifanyiki. Hakuyafuta.

"Waambie wanifungue mkokoteni," akasema. "Mwenye zamu yake anangoja."